Hamira, Subira na Mikono Miwili: Mahamri ya Futari Tuyapike Wenyewe

(Haya ni maneno niliyowaambia vijana wenzangu hapa Siakago baada ya swala ya Alasiri. Yameandikwa upya kidogo ili msomaji naye afaidike.)



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.) aliyetupa uhai tukaifikia Ramadhan nyingine. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, dada yangu, najua ukiitwa kwenye mhadhara wa Ramadhan unatarajia kusikia fadhila za saumu, au Laylatul Qadr, au zaka ya fitri. Hayo masheikh wetu wameyasema, na wataendelea kuyasema vizuri kuliko mimi. Mimi leo nakuita jikoni. Usicheke! Nakuita jikoni kwa sababu kila siku ya mwezi huu, kuanzia saa tisa mpaka adhana ya Magharibi, jikoni kuna kazi kubwa, na kazi hiyo ina wenyewe. Hebu jiulize kwa ukweli kabisa: nyumbani kwenu saa hizo nani yuko mbele ya moto, na nani amelala akingoja kuamshwa na adhana?

Swali hilo tuliweke pembeni kwanza, tutalirudia. Tuanze na unga.

1. HAMIRA NI NENO GANI?

Sisi huku bara tumezoea mandazi ya beking pauda. Unachanganya, unakata, unatumbukiza kwenye mafuta, basi. Ni chakula halali na kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini mahamri ya Pwani, yale wanayokula na mbaazi Mombasa na Lamu, ni kitu kingine. Tofauti yake ni hamira.

Waliopita madrasa watalikumbuka somo la mizizi ya maneno. Hamira imetoka kwa neno la Kiarabu khamira, na mzizi wake ni herufi tatu: kha, mim, ra. Mzizi huo unabeba maana ya kufunika. Ndio maana mtandio unaofunika kichwa cha mwanamke unaitwa khimar. Ndio maana pia pombe ikaitwa khamr, kwa kuwa inafunika akili. Na donge la unga nalo, ukishalitia hamira, unafanyaje? Unalifunika na kuliacha. Subhanallah, lugha ina hekima yake.

Hapa kuna kijana mmoja atainua mkono aulize: "Sasa kama ni mzizi mmoja, hamira si ni haramu?" Hapana, ndugu yangu. Khamr ni kile kinacholevya. Hamira ni viumbe vidogo sana, jamii ya kuvu, vinavyokula sukari iliyomo kwenye unga na kutoa hewa. Hewa hiyo ni kabonidioksidi, ndiyo inayolijaza donge mapovu likaumuka. Ni kweli panatokea na chembe ya alkoholi, lakini ni kidogo mno na sehemu kubwa inapotea kwenye moto. Hakuna aliyewahi kulewa mkate. Waislamu wa Cairo na Istanbul wanakula mkate wa hamira asubuhi na jioni.

Beking pauda nayo inafanya kazi kwa njia tofauti. Hiyo si kiumbe hai, ni kemikali. Ikipata maji na joto inatoa hewa mara moja, haina haja ya kungoja. Kwa hiyo ukitaka haraka chukua beking pauda. Ukitaka ile ladha na ule ulaini wa mahamri unaobaki mpaka daku, chukua hamira, lakini ujue utalipa kwa muda.

Na muda ndio tulio nao Ramadhan! Kuna mwezi gani mwingine ambao saa za mchana hazikatizwi na chai, wala chakula cha saa saba?

2. MAHITAJI

Nitakupa vipimo kamili, na nina sababu. Siku za kawaida mpishi anaonja, akiona sukari imepungua anaongeza. Ukiwa umefunga huwezi kufanya hivyo kila dakika. Wanavyuoni wameruhusu mpishi mwenye haja aonje kwa ncha ya ulimi kisha ateme, lakini ukipima vizuri hutahitaji hata hilo. Kipimo ni kikombe kimoja kile kile, usibadilishe katikati.

Unga wa ngano vikombe 4, ambao ni kama nusu kilo.
Sukari nusu kikombe.
Hamira kavu vijiko 2 vya chai.
Iliki iliyotwangwa, nusu kijiko cha chai.
Chumvi, ncha ya kijiko.
Tui la nazi au maziwa, kikombe kimoja na robo, yakiwa vuguvugu.
Mafuta ya kukaangia.

Najua utaniambia nazi haioti Mbeere. Kweli kabisa. Huku kwetu tuna mbaazi, ndengu, kunde, mtama na mawele, nazi inatoka Pwani na bei yake inapanda pamoja na gari. Ukipata tui la pakiti ni sawa. Usipopata, maziwa yanafanya kazi vizuri. Mahamri ya maziwa yanakuwa laini, ila hayana harufu ya nazi. Usiache kupika kwa sababu ya nazi.

Jambo lingine la hapa kwetu: ukiwa na unga wa mtama, unaweza kutia kikombe kimoja cha mtama kwa vikombe vitatu vya ngano. Usizidishe hapo. Ngano ina kitu kinaitwa glutini, ndicho kinachovutika kama mpira na kuishika ile hewa ya hamira. Mtama hauna glutini, kwa hiyo ukizidi hewa inatoroka na mahamri yanakuwa mazito. Kwa kikombe kimoja utapata rangi ya udongo mzuri na ladha ya nyumbani.

3. NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, amsha hamira. Chukua robo kikombe ya yale maziwa vuguvugu, tia hamira na kijiko kimoja cha sukari kutoka kwenye ile uliyopima. Vuguvugu maana yake nini? Tumbukiza kidole. Ukikiacha humo bila kuhisi baridi wala kuungua, ndiyo vuguvugu. Yakiwa ya moto sana hamira inakufa, na maiti haiumui kitu. Yakiwa baridi haifi, ila inalala. Ngoja dakika kumi. Ukiona povu limejaa juu, hamira ni nzima. Usipoona chochote, usiendelee kupoteza unga, nunua hamira nyingine.

Pili, changanya unga, sukari iliyobaki, iliki na chumvi. Tia ile hamira yenye povu, kisha maziwa yaliyobaki kidogo kidogo. Usimwage yote kwa pamoja, maana unga haufanani. Mwingine unakunywa sana, mwingine kidogo. Acha pale donge linaposhikana bila kuganda mikononi.

Tatu, kanda. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, si kwa kutojua, bali kwa kuchoka. Wanakanda dakika tatu wanasema tayari. Kanda dakika kumi mpaka kumi na tano. Sukuma kwa kiganja, kunja, geuza, sukuma tena. Mwanzo donge linakuwa na mabonde kama barabara ya vumbi baada ya mvua. Baadaye linakuwa laini kama sikio la mtoto. Jaribu hivi: kata kipande kidogo ukivute polepole kwa vidole. Kikitanuka mpaka mwanga unapenya bila kuchanika, umemaliza. Kikichanika, rudi kazini.

Nne, funika. Lipake donge mafuta kidogo, litie kwenye bakuli, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu na uliweke mahali pa joto. Miaka hii Ramadhan inatuangukia Februari na Machi, na kila anayeishi Siakago anajua jua la Februari. Huku kwetu chini donge linaumuka upesi, saa moja inaweza kutosha. Ndugu zetu wa Runyenjes na Meru, walio karibu na baridi ya mlima, wangoje saa moja na nusu au mbili. Usiangalie saa, angalia donge: likiwa mara mbili ya lilivyokuwa, tayari. Bonyeza kwa kidole, shimo likibaki au likirudi polepole, ni wakati wake.

Tano, gawanya donge mafungu sita. Viringa kila fungu, uyaache yapumzike dakika tano. Kisha sukuma kila moja liwe duara, unene wake kama nusu sentimita, nene kuliko chapati. Kata msalaba, upate vipande vinne. Sita mara nne ni ishirini na nne. Vipange kwenye sinia lenye unga kidogo, uvifunike tena kwa dakika kumi na tano au ishirini. Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanalaumu unga.

Sita, kaanga. Mafuta yawe ya kutosha kwenye karai, kiasi cha mahamri kuelea. Dondosha kipande kidogo cha donge: kikizama na kukaa chini, mafuta bado. Kikipanda haraka na mapovu pembeni, anza. Kikigeuka kahawia mara moja, punguza moto. Tumbukiza mahamri mawili matatu, kisha kwa upawa yamwagie mafuta ya moto juu yake mara kwa mara. Hii ndiyo siri ya kufura. Maji yaliyomo ndani ya donge yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, ngozi ya juu imeshashikana, basi linajaa kama puto. Mafuta yakiwa baridi mvuke unachelewa, na donge linakunywa mafuta badala yake. Geuza, toa yakiwa na rangi ya kahawia nyepesi, chuja.

Tena nakuomba: mafuta yakishakuwa meusi na kutoa moshi, yasirudi jikoni kesho. Na tumbo lililokaa kavu tangu alfajiri lisipokelewe na sahani ya vitu vya kukaanga. Anza na tende na maji kama tulivyofundishwa, swali, halafu kula mahamri mawili au matatu na mbaazi. Mengine yangoje daku.

4. MBAAZI ZETU

Hapa Mbeere tumebarikiwa. Watu wa mijini wananunua mbaazi za pakiti, sisi tunazo sokoni na shambani. Loweka vikombe viwili mara tu baada ya daku. Adhuhuri mwaga maji yale, tia mapya, chemsha mpaka ziive na kupasuka. Kaanga kitunguu kando kidogo tu, tia manjano, pilipili mbichi moja nzima isiyokatwa, na chumvi. Mimina mbaazi, kisha tui la nazi, moto mdogo mpaka rojo liwe zito. Nazi ikikosekana, tumia maziwa, au karanga zilizosagwa na kukorogwa kwa maji. Kwa mtu wa Mombasa hizo si mbaazi za nazi, lakini wageni wako hawatabakisha kitu.

5. DONGE LILELILE, NCHI NYINGINE

Msomaji wangu, ukishaijua hamira umeijua nusu ya mikate ya dunia. Waturuki wanachukua donge la ngano na hamira, wanalisokota kuwa pete, wanalichovya kwenye asali ya zabibu iliyoyeyushwa kwa maji, wanaligaragaza kwenye ufuta na kulioka. Wanaliita simit, linauzwa barabarani Istanbul kama vile mandazi yanavyouzwa stendi kwetu. Jerusalem wana ka'ak, pete ndefu ya ufuta. Unguja wana mkate wa ufuta.

Na Wajerumani wana mkate wa fundo, wenyewe wanauita Brezel. Waliohamia Marekani waliubeba mpaka Pennsylvania, na huko unajulikana kwa jina la pretzel. Huu nataka ujaribu kuupika, kwa sababu hauhitaji mafuta ya kukaangia hata tone, na mafuta ya kupikia tunajua yalivyotutesa. Mwaka 2022 Indonesia ilizuia mafuta ya mawese yasitoke nchini mwake kwa wiki kadhaa, na vita vya Ukraine vikavuruga ngano mwaka huo huo. Kenya inaagiza sehemu kubwa ya ngano yake na mafuta yake kutoka nje. Hivyo anayejua kupika bila mafuta mengi ana akiba mkononi.

Donge lake ni vikombe 4 vya unga, kikombe kimoja na nusu cha maji vuguvugu (bakisha kidogo pembeni kwanza), hamira vijiko 2 vya chai, sukari kijiko kimoja cha mezani, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, mafuta vijiko 2 vya mezani. Halina iliki wala tui. Amsha, kanda, funika, kama tulivyosema. Kisha gawanya mafungu manane. Kila fungu lisokote liwe kamba ndefu kama mkono wako kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Ipinde kama herufi U, vuka ncha zake mara mbili, kisha zikunjie chini uzibandike kwenye tumbo la ile U. Umepata fundo.

Sasa siri ya rangi yake. Kabla ya kuokwa, mkate huu unachovywa kwenye maji yanayochemka yenye soda ya kuokea. Ni ule unga mweupe unaouzwa dukani, usichanganye na beking pauda. Vikombe sita vya maji, vijiko vinne vya mezani vya soda, usitie kwa pupa maana maji yanafura. Chovya kila fundo sekunde ishirini au thelathini, toa kwa kijiko cha matundu, nyunyiza ufuta au chumvi ya chenga. Soda inafanya ngozi ya mkate ipate rangi ya kahawia inayong'aa na ladha yake ya pekee. Waokaji wa Ujerumani wanatumia dawa kali zaidi ya jamii hiyo, na wanavaa glavu. Sisi huku tunayajua magadi, yale mawe ya Ziwa Magadi ambayo mama anatia kidogo kwenye githeri ili maharagwe yaive upesi. Ni ndugu wa hiyo soda, ila ni makali na hayana kipimo, kwa hivyo kwenye mkate tumia soda ya dukani.

"Na jiko la kuokea?" Hakuna haja. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu safi chini, weka kwenye jiko la makaa, funika, ngoja dakika kumi na tano ipate moto. Panga mikate kwenye sahani ya bati iliyopakwa mafuta, itue juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko bapa na uweke makaa juu yake. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Ni ile ile moto juu moto chini, wanayopikia mkate wa sinia. Baada ya dakika kumi na tano chungulia, kwa dakika ishirini hivi utakuwa tayari.

Ndugu zetu wanaosoma Ujerumani wanajua kwamba baadhi ya waokaji wa huko hutia mafuta ya nguruwe kwenye donge la Brezel. Muislamu inabidi aulize dukani kila mara. Uliyemkanda mwenyewe humuulizi mtu. Hiyo ni faida ya chakula cha nyumbani popote ulipo: unajua kilichoingia ndani.

Neno moja la usalama kwa wanafunzi mnaopanga vyumba karibu na Chuo Kikuu cha Embu au Chuka. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa linaua. Linatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu analala asiamke. Pikia nje, au fungua mlango na madirisha, na usilale jiko likiwa ndani hata kama ni baridi. Daku si ya kufa mtu.

6. SASA TURUDI KWENYE LILE SWALI

Nani yuko mbele ya moto?

Ndugu zangu wa kiume, nazungumza nanyi nikiwa mmoja wenu. Tunafunga sote. Mama amefunga. Dada amefunga. Aliyefunga hana jinsia, njaa ni ile ile na kiu ni kile kile. Lakini ikifika saa tisa, mmoja anaenda kukuna nazi, kukanda, kusukuma, kukaanga kwa joto la mafuta, kuosha vyombo, na baada ya Magharibi anarudi tena kupika chakula cha usiku, na saa tisa za usiku anaamka kabla yenu wote. Mwingine anaulizia tu kama tayari. Halafu tunashangaa kwa nini akina dada hawaonekani kwenye Tarawehe, na kwa nini mama anasinzia juu ya msahafu. Tumemchosha sisi!

Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Jawabu lake limepokewa na Bukhari: alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa swala akatoka kwenda kuswali. Basi kama mbora wa viumbe alikuwa akihudumu nyumbani, wewe na mimi ni akina nani hata kiganja chetu kisiguse unga?

Na kwa haki, kazi ya mahamri imeumbwa kwa ajili ya kijana mwenye nguvu. Kukanda dakika kumi na tano ni kazi ya mabega na mikono. Kubeba makaa, kuchota maji, kusukuma maduara sita, hayo yote ni kazi ya nguvu. Mwenye mazoezi ya kiwanjani ndiye anayefaa, wala si bibi mwenye maumivu ya kiwiko. Ukisema "sijui", vipimo nimekupa. Ukisema "ni aibu", muulize aliyekulea kama aliona aibu kukufulia nepi.

Wazazi nao nawaomba kwa adabu: kijana wenu wa kiume akiingia jikoni, msimfukuze. Msiseme "toka, utatuharibia unga". Mpeni donge akande. Hata dada yake hakuzaliwa anajua.

7. JAMBO LA KUFANYA

Maneno bila vitendo ni kama hamira iliyokufa, hayaumui kitu. Kwa hiyo napendekeza hivi kwa umoja wetu wa vijana.

Pakiti moja ya unga ya kilo mbili ni mara nne ya vipimo nilivyotaja. Inatoa mahamri kama tisini na sita. Ukimpa kila mtu matatu, umewafuturisha watu thelathini na wawili kwa pakiti moja ya unga, sukari, hamira na mafuta. Jumamosi tuwe na zamu. Wavulana wakande na kukaanga. Wasichana watakaotaka kuja kusaidia au kuelekeza wakaribishwe, lakini wasihesabiwe kama ndio wapishi. Tuanze baada ya Adhuhuri: saa nane donge liwe limefunikwa, saa tisa na nusu liwe linasukumwa, tuswali Alasiri wakati vipande vimepumzika, saa kumi na moja karai liwe motoni. Magharibi huku kwetu inaingia karibu na saa moja kasorobo, kwa hivyo tutakuwa na nafasi hata ya kusafisha. Vyombo tuvioshe sisi wenyewe. Hiyo ni sharti!

Na tusile peke yetu. Waislamu wa Siakago si wengi, majirani wetu wengi ni Wakristo, na tunakaa nao vizuri. Harufu ya iliki haichagui dini, inavuka ua. Mtume (s.a.w.) alituusia tukipika mchuzi tuongeze maji tumkumbuke jirani. Basi sahani moja ya mahamri na mbaazi ivuke ua pia. Mama jirani anayekuona kila jioni ukielekea msikitini atakuwa ameonja Ramadhan yako, na pengine ndiye atakayekuonyesha namna ya kuzipika mbaazi hizo vizuri zaidi, maana ni za shambani kwake.

Kwa aliye peke yake chuoni, ambaye hana mama wala dada wa kumkandia, hili ni lako zaidi. Usiimalize Ramadhan kwa mkate wa dukani na chai ya rangi. Nusu kilo ya unga inakutosha futari mbili na daku mbili. Mwite mwenzako wa chumba cha pili mchange. Mmoja anunue unga na sukari, mwingine hamira na mafuta. Anayemfuturisha aliyefunga anapata mfano wa ujira wake, bila ya ujira wa yule kupungua. Haikusemwa lazima iwe biriani.

Ndugu yangu, dada yangu, funga zetu zina njaa na zina subira. Njaa kila mtu anaipata bila kujitahidi. Subira inataka kujifunza, na donge lililofunikwa kwenye bakuli ni mwalimu mzuri. Huwezi kulipigia kelele liumuke upesi. Fanya sehemu yako vizuri, lifunike, mwachie Mwenyezi Mungu saa yake, halafu rudi ukiwa na mikono safi.

Jumamosi nakungoja, na aproni uje nayo.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.